Mchumba Wangu wa Kwenye Waya

Kuna aibu za mtu kuzificha, na kuna aibu ambazo hata uzifiche namna gani wenzio wanazifukua wakikuona tu unapita, basi yangu ni ya aina hiyo ya pili, ndiyo maana nimeona bora niisimulie mwenyewe kuliko kuendelea kusimuliwa (maana wakisimulia wao wanaongeza chumvi, mbuzi wanakuwa watatu na mimi naangukia kwenye matope, na matope hayakuwepo kabisa siku hiyo, kulikuwa na vumbi).

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, nimesoma, nina kazi Singida mjini, na nilikuwa najisikia. Siwafichi. Ofisi yetu ilikuwa ya kushughulikia matrekta ya vijiji, kipindi kile cha vijiji vya ujamaa ambapo trekta moja lilikuwa linasubiriwa na kijiji kizima kama mvua, na kazi yangu ilikuwa kupiga teleprinta. Kwa asiyeijua, teleprinta ni kama taipureta kubwa yenye kelele, ila imefungwa kwenye waya, ukigonga herufi Singida inajiandika palepale kwenye karatasi kule Dodoma, na yule wa Dodoma akigonga, ya kwako inashtuka na kuanza kuandika yenyewe bila mtu kuigusa. Haina hodi. Unaweza kuwa unakunywa chai, unasuka nywele za mwenzio, ghafla inaanza, na usipokuwepo utakuta karatasi inaning'inia imejaa maneno ya mtu. Mtu wa kwanza kutoka Issuna kuipiga mashine hiyo nilikuwa mimi, na kila nikienda nyumbani nilihakikisha hakuna anayelisahau jambo hilo.

Sasa kule Dodoma, upande wa pili wa waya, alikuwepo mpiga mashine ambaye sikuwahi kumwona. Alikuwa anatia sahihi kwa herufi mbili tu, YN. Asubuhi kabla ya kazi alikuwa ananiandikia HABARI ZA SINGIDA, mchana ananiuliza UMEKULA, jioni POLE NA KAZI. Wakati mwingine aliniuliza kama mvua imenyesha Issuna, kama wazee wangu wazima. Jamani, mwanaume gani wa mjini anauliza habari za wazee wako ambao hajawahi kuwaona? Nikaanza kumchora kichwani. Nilimfanya mrefu, nikampa nywele nyingi zilizochanwa juu, nikamvalisha suruali pana chini inayofagia njia. Mchapaji wa ofisi yetu, Zuhura, ambaye ndiye rafiki yangu mpaka leo (na ndiye anayeongoza kunisimulia), alikuwa anasema kwamba YN lazima ni Yunusi, mimi nasema Yohana, tukabishana wiki nzima kuhusu jina la mtu ambaye angetujibu kwa dakika moja kama tungemuuliza.

Mwanzo wa balaa ni Jumatatu moja. Ilikuja mashine mpya. Ile ya zamani ilikuwa imechoka, inatafuna karatasi, wakatuletea nyingine inang'aa, na fundi aliyekuja nayo kutoka Dar es Salaam, Fundi Alfonsi, akaifunga, akaijaribu, akapangusa mikono, akanigeukia.

"Dada, hii ina tabia zake, si kama ile. Na wenzako wa Dodoma bado wanatumia ya zamani, kwa hiyo kuna jambo dogo la kukubaliana nao. Nikuelekeze?"

Wakubwa wawili walikuwa wamesimama mlangoni wanatazama. Mimi ndiye mtaalamu wao. Nitaanzaje kuelekezwa mbele yao kama mwanafunzi?

"Aina hii naijua," nikasema. (Sikuwa naijua. Nilikuwa nimeiona siku ile ile, wakati inashushwa kwenye gari.)

Fundi Alfonsi akaniangalia, akasema haya, akaacha karatasi ya maelekezo juu ya meza. Juu ya ile karatasi niliweka kikombe cha chai.

Jumanne ikapita vizuri. Jumatano asubuhi, Zuhura yupo kwangu amekuja kuazima kitana, mashine ikashtuka ikaanza kuandika, na sisi tukainama tunasoma neno moja moja linavyotoka. Iliandika hivi, nayakumbuka yote:

NAANZA LIKIZO NITAPITA KWETU KILIMATINDE HALAFU JUMAMOSI NITAFIKA ISSUNA NA PETE WAAMBIE WAZEE WANISUBIRI YN

Zuhura aliangusha kitana.

"Pete," akasema.

"Nimeona."

"Na wazee!"

"Nimeona, Zuhura, usipige kelele."

"Mwanaume akishataja wazee hana utani tena huyo. Mjibu! Mjibu, atafikiri umekataa!"

Msichana mwenye adabu haandiki neno kama pete kwenye mashine ya serikali, kwa hiyo nikazunguka, nikaandika: HIYO ULIYOTAJA NI KWELI UTALETA MWENYEWE. Ikajibu: NDIYO NIMEITAFUTA MIEZI MIWILI NDIPO NIMEIPATA NI MPYA HAIJATUMIKA NIMEIPIMA INAINGIA VIZURI.

Zuhura akashika kidole changu akakitazama. "Kaipimia wapi?" akauliza. Na mimi, badala ya kuuliza swali hilo hilo kwa mwenyewe, nikasema labda amekisia.

Nikajipa moyo, nikaandika NIMEKUBALI. Sasa mashine zile zilikuwa na ubaya mmoja, ukiandika na mwenzio akaandika kwa wakati uleule maneno yanagongana njiani, yanatoka kama uji uliomwagika. Kumbe na yeye alikuwa anaandika lake. Kwenye karatasi ilitoka NIMHXKEUBWDA na mengine yasiyosomeka, halafu akaandika WAYA MBAYA RUDIA. Nirudie? Neno kama lile unalisema mara moja kwa pumzi zote ulizo nazo, halafu unaambiwa rudia! Nikaona haya, nikaandika tu SAWA TUTAKUSUBIRI. Akajibu AHSANTE. Nikaikata ile karatasi, nikaikunja, nikaiweka ndani ya kitabu changu cha sala, wakati utaratibu wa ofisi ni kwamba kila ujumbe unaoingia unaandikwa kwenye daftari na kupelekwa kwa mkuu. Huu sikuuandika popote. Nilisema moyoni, huu ni wangu.

Mchana ule nilimtuma kondakta wa basi linalopita Issuna, nikamwambia awaambie nyumbani Jumamosi kuna mgeni wangu, wazee wakae. Ni hayo tu niliyosema. Ijumaa nikaomba ruhusa, nikafika nyumbani jioni nikiwa na gauni jipya kwenye mkoba, nikakuta maneno yangu machache yamezaa. Baba mkubwa amekuja na baiskeli kutoka Ikungi. Shangazi yangu yuko jikoni anachambua mchele (mchele, Issuna, miaka ile!). Mbuzi amefungwa kwenye mti anakula majani hana habari. Viti vya shule vimeazimwa, na kwa kuwa kwetu hapatoshi, mwenyekiti wa kijiji, Mzee Ramadhani, ameamua mgeni apokelewe kwenye ukumbi wa ofisi ya kijiji.

Mwenyekiti alikuwa na sababu zake. Trekta la kijiji lilikuwa limekufa miezi miwili iliyopita, limesimama katikati ya shamba la ujamaa kama ng'ombe aliyegoma, na mawingu ya kwanza yalikuwa yameanza kujikusanya. "Nasikia mkwe anafanya kazi palepale kwenye mambo ya matrekta," aliniambia huku anatabasamu. "Basi akishakaa vizuri, akishakula, wewe mnong'oneze habari za trekta letu. Maana dereva wetu Athumani amesubiri kipuri mpaka amechoka, jana amepanda lori kwenda Rungwa kwa wakwe zake kurina asali, na mimi nimemruhusu, angekaa hapa kufanya nini?"

Nikasema nitamnong'oneza. Nilijiona mtu muhimu sana.

Baba peke yake ndiye aliyekuwa na mashaka. Baba yangu, Mzee Njiku, alikuwa mtu wa maneno machache. Alinikalisha uani akaniuliza, "Huyu kijana mnafahamiana?"

"Ndiyo baba. Tunazungumza kila siku."

"Wapi?"

"Kwenye mashine."

Akatazama mbuzi. "Na anakuja mwenyewe, bila mshenga?"

"Baba, siku hizi mambo ni ya kisasa."

"Haya," akasema, kwa sauti ya mtu ambaye hajakubali ila mbuzi ameshalipiwa.

Jumamosi saa nne watu walikuwa wamejaa. Wazee wamevaa makoti, mengine yalikuwa yananuka dawa ya nondo mpaka mlangoni. Akina mama wa kwaya wamesimama nje mstari mmoja, midomo iko tayari kwa vigelegele. Mimi nimefichwa kwenye chumba cha karani pembeni ya ukumbi, kama ilivyo desturi, nimepakwa mafuta nang'aa, nachungulia kwenye upenyo wa dirisha, na Zuhura (ambaye alikuja na basi la asubuhi, asingekosa) amenishika mkono.

Lori likaja kutoka upande wa Manyoni, likasimama na vumbi lake. Akaruka chini kijana mmoja mrefu, nywele nyingi, suruali pana inafagia njia. Nawaambia kweli, alikuwa yule niliyemchora kichwani, hakupungua kitu. Akina mama hawakungoja, vigelegele vikalipuka, mama yangu akatupa kitenge chini apite juu yake. Yule kijana akasimama, akatazama nyuma yake kuona nani anashangiliwa, akatutabasamia kwa heshima, akazunguka nyuma ya choo cha ofisi kujisaidia, akarudi, akapanda lori. Kumbe ni abiria wa Singida.

Vigelegele vikafa kimoja kimoja.

Ndipo akashuka, taratibu, mguu baada ya mguu, huku anashikiliwa na utingo, mzee. Mzee hasa, ndevu nyeupe, koti la zamani lenye vifungo vitatu, kofia mkononi. Wakamshushia boksi la mbao. Lori likaondoka.

Sasa Baba akafurahi kwa mara ya kwanza siku ile, maana aliona mambo yamekaa sawa, kijana ana adabu, amemtuma mshenga. Akatoka kumpokea mwenyewe, wakapeana mikono, wakaulizana habari za safari, za Kilimatinde, za mvua, za mifugo, akamkalisha kiti cha mbele. Yule mzee alikuwa anatazama ukumbi, makoti, maua ya karatasi mezani.

"Mmejiandaa sana," akasema. "Sijawahi kupokelewa hivi."

"Ni jambo kubwa kwetu," Baba akajibu. "Na kijana amebaki wapi?"

"Kijana yupi?"

"Mwenyewe."

"Aa, hapana, niko peke yangu. Niliona kitu kama hiki nisimpe mtu mwingine, nikilete kwa mkono wangu. Monika yupo? Ndiye tuliyezungumza naye. Mwambieni YN wa Dodoma amefika. Yohana."

Zuhura aliminya mkono wangu, na nadhani kwa sekunde ile alichofikiria kwanza ni kwamba mimi nilikuwa nimeshinda ubishi wa jina. Mtu niliyekuwa namwandikia KAZI NJEMA YN jioni, bila hata shikamoo moja, miezi saba!

Kule ukumbini Baba alikuwa anazitazama ndevu za mgeni, na nilijua anahesabu miaka, na nilijua hesabu inatoka vibaya.

"Mzee mwenzangu," akasema polepole, "nisamehe nikikuuliza. Nyumbani una mke?"

"Ninaye. Na wajukuu tisa. Kwa nini?"

Baba mkubwa akakohoa. Baba akasimama, na alipoanza kusema alikuwa ameshaacha Kiswahili, yuko kwenye Kinyaturu, na Baba akirudi kwenye Kinyaturu mbele ya mgeni ujue fimbo haiko mbali. Mwenyekiti akamshika bega, akamgeukia mgeni, akamwambia kwa upole wa kiongozi, "Ndugu mgeni, sisi tuliambiwa unaleta ile... ile uliyosema."

"Nimeileta." Mzee Yohana akalipiga boksi kofi dogo. "Hii hapa. Ni nzito kidogo."

"Nzito?" shangazi akasema.

"Kilo saba hivi."

Akaomba panga, akabandua ubao wa juu, akafukua majani makavu, akainua kwa mikono miwili pampu ya maji ya trekta, nyeusi, ina mafuta ya grisi inang'aa kuliko mimi. Akaiweka mezani katikati ya maua ya karatasi.

Nilisikia mbuzi jikoni akichemka. Halafu shangazi yangu, Mungu amrehemu, akauliza kwa sauti ambayo yeye aliita ya chini, "Kwa hiyo tumuoze kwa hii?"

Ilibidi nitoke. Nisingetoka, Baba angemfukuza mtu asiye na kosa, na hilo hata mimi na ujinga wangu wote nisingeweza kulibeba. Nikatoka na gauni langu jipya, nikapiga goti, "Shikamoo babu," akaitikia "Marahaba, binti yangu, kumbe wewe ndiye Monika, mdogo hivi!" na mimi nikampa ile karatasi kutoka kwenye kitabu cha sala, maana sikuwa na maneno mengine.

Akavaa miwani. Akaisoma mara moja, akarudia, midomo ikaanza kumtetemeka, nikafikiri analia. Alikuwa anajizuia kucheka.

"Monika. Mimi niliandika sifuri tatu tano tatu. Namba ya kipuri. Wewe mwenyewe ndiye uliyeniletea namba hiyo mwezi juzi, umesahau?"

Ni kweli. Mwenyekiti aliileta ofisini kwenye kipande cha karatasi, na niliigonga kwa vidole hivi hivi.

Akawaeleza wazee, na alieleza vizuri, kwa sababu alizipiga mashine zile tangu kabla ya uhuru: kwamba tarakimu hazina vitufe vyake, zinakaa kitufe kimoja na herufi, sifuri iko na P, tatu iko na E, tano iko na T, na kinachoamua kipi kitoke ni kitufe kingine unachogonga kwanza cha kuhamisha. Ikiwa mashine yangu ya Singida haikuhama, sifuri tatu tano tatu ni P, E, T, E. "Kule kwangu ilitoka namba safi kabisa," akasema. "Kwa nini huku ikatoka herufi, hapo hata mimi sijui. Monika, walikuletea mashine nyingine?"

"Jumatatu," nikasema.

"Na fundi hakukwambia kitu?"

Hapo ndipo nilipotamani ardhi ya Issuna ipasuke. Nikasema, mbele ya Baba, mwenyekiti, kwaya nzima na Zuhura, kwamba fundi alitaka kuniambia na mimi nikamwambia najua.

Wa kwanza kucheka alikuwa mama. Mama yangu mzazi! Aliegemea ukuta akacheka mpaka akakaa chini, kisha baba mkubwa, kisha kwaya, sauti ya kwanza na ya pili. Baba hakucheka. Alimwendea Mzee Yohana, akamwomba radhi kwa kushika mkono wake kwa mikono miwili, na Mzee Yohana akasema, "Hapana, mzee mwenzangu, mimi nami nina kosa, nilitakiwa niandike namba kwa maneno. Ila mbuzi yupo, na watu wapo. Na dereva wenu wa trekta yuko wapi? Nilisema wazee wanisubiri ili tuifunge leo, mvua ile haitungojei."

Mwenyekiti aliacha kucheka. Dereva yuko Rungwa anarina asali. Yuko Rungwa kwa sababu ujumbe uliosema kipuri kinakuja ulikuwa umelala ndani ya kitabu changu cha sala. Hakunigombeza, alinitazama tu, na mimi ningependa zaidi angenigombeza. Miezi miwili kijiji kinangoja, na mimi nilikuwa nimeuchukua ujumbe wao nikaufanya wangu.

Mzee Yohana, ambaye kumbe ujanani alikuwa fundi wa matrekta, akavua koti, akalikunja vizuri, akauliza, "Spana zipo?"

Twende basi shambani, msafara mzima, mbele mzee mwenye miaka sitini na kitu, nyuma baba mkubwa amebeba pampu kichwani, nyuma makoti, nyuma kwaya, na mimi na gauni langu. Alinikalisha pembeni ya injini akasema, "Wewe ndiye msaidizi wangu, nikisema kumi na tatu unanipa kumi na tatu, na kama huijui niulize." Niliuliza kila spana. Niliuliza hata ambazo nilizijua. Grisi ikaingia kwenye gauni, ikapanda mikononi, ikafika kwenye nywele nilizosukwa masaa manne. Baba yangu, ambaye alikuwa amevaa koti alilofungia ndoa, alishikilia feni mpaka mikono ikafa ganzi, na alipoona namtazama akasema maneno ya kwanza tangu ukumbini: "Mpe mgeni kumi na saba, usinitazame."

Saa tisa wakamwaga maji kwenye rejeta. Mzee Yohana akapanda, akajaribu, ikakohoa, akajaribu tena, ikakohoa, ya tatu ikatoa moshi mweusi na kunguruma, na akina mama wakatoa vigelegele vyote walivyokuwa wamevibeba tangu asubuhi. Tulikula mbuzi palepale shambani. Mzee Yohana alikaa siku mbili, akamfundisha kijana mmoja kuliendesha kwa kuwa Athumani hayupo, na mvua ya kwanza ilikuta ekari kadhaa zimeshageuzwa. Nashukuru Mungu kwa hilo, kwa sababu kama ingezikuta hazijalimwa nisingekuwa na ujasiri wa kuwasimulia haya.

Jumatatu nilijipeleka mwenyewe kwa mkuu wa ofisi nikaandika maelezo, kurasa mbili, nikapewa onyo kwenye faili. Tukampigia Fundi Alfonsi simu, na mchana kutwa tukakaa, mimi Singida, msaidizi wa Mzee Yohana Dodoma, tunajaribu namba moja moja kutafuta ugonjwa, mpaka tukaupata: mashine mpya ikikutana na nafasi kati ya maneno inajirudisha yenyewe kwenye herufi, ya zamani hairudi, na Dodoma walizoea kugonga kitufe cha kuhamisha kwanza halafu ndiyo nafasi. Yaani wanahamisha, nafasi inafuta, namba inakuja na nguo za herufi. Dawa yake ilikuwa kugonga nafasi kwanza, kuhamisha baadaye. Basi. Dakika moja ya kuelekezwa. Na ilikuwa imeandikwa kwenye ile karatasi, mstari wa tatu, niliusoma kupitia duara la kikombe cha chai.

Trekta lile lilibatizwa jina palepale. Kwa miaka yote lililofanya kazi Issuna liliitwa Mume wa Monika, na hata kwenye mkutano wa kijiji mtu aliweza kusimama akasema kwa uso mkavu, "Mwenyekiti, Mume wa Monika anahitaji dizeli." Likipita barabarani akina mama walikuwa wananiita nitoke nimpokee shemeji yao.

Miaka mitatu baadaye alikuja mchumba wa kweli, mwalimu wa Iramba, na mshenga wake na barua yake nzuri. Baba alipokea ile barua, hakuifungua, akaiweka chini. Akamwambia yule mwalimu maskini, aliyekuwa anatoka jasho, asimame katikati ya nyumba aseme kwa mdomo wake, taratibu, amekuja kutafuta nini. Akasema. Baba akamwambia arudie. Akarudia. Baba akanigeukia mimi, "Umesikia?" Nikasema nimesikia. "Umesikia nini?"

Na mimi nikamweleza neno kwa neno nilichosikia, mbele ya wote, na sikuona haya hata kidogo. Tangu hapo ndivyo ninavyoishi: nikiletewa jambo nisilolielewa nasema rudia, hata kama wakubwa wako mlangoni, hata kama mtu ataniona mjinga, maana kuonekana mjinga dakika moja ni nafuu, mimi nimeonekana mjinga kwa msimu mzima wa kilimo.